Skrini Huzimwa Magharibi

Jina la timu yangu sitalitaja. Wanaoijua wamenicheka vya kutosha msimu huu, na wasioijua sina haja na huruma yao. Itoshe kusema ni timu ya Uingereza, inavaa jezi ya milia, na ina tabia moja iliyonizeesha: ikimpata mchezaji mzuri kwa bahati, humwuza Januari, wakati timu zenye akili zinaongeza watu. Januari hii tuliuza winga. Februari tukaanza kufungwa. Machi kocha akafukuzwa, akaletwa mwingine ambaye kila akihojiwa anasema vijana wamejituma. Wamejituma wapi? Aprili ilipoingia nilikuwa naamka kabla ya adhana ya alfajiri, nimelala chali macho kwenye mabati, nikipiga hesabu za timu za watu: yule akifungwa, na huyu akitoka sare, na sisi tukishinda ugenini, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu mvua ya Novemba.

Mke wangu hapendi mpira wala hauchukii. Siku moja akichambua maharagwe aliniuliza kama hiyo timu inajua kwamba mimi nipo. Nikasema haijui. Akasema basi ni ajabu, mtu mzima mwenye mvi kukosa usingizi kwa ajili ya watu wasiojua kama yuko hai. Nikatoka nje kukagua tanki la maji, ambalo halikuwa na shida yoyote. Ndivyo nilivyo msimu unapokaribia kwisha. Sikai. Nafanya kazi katika idara ya maji, na wenzangu ofisini wamenizoea: naanza jambo moja naliacha, naenda dirishani, narudi, namimina chai nasahau kuinywa. Mtu akiniuliza kuhusu bomba lililopasuka namjibu, lakini kichwani nampanga upya beki wa kulia.

Mtu atasema kushuka daraja si msiba, kwani huko chini nako wanacheza mpira. Ni kweli wanacheza. Lakini hauonyeshwi hapa mjini Isiolo. Banda tunalotazamia mechi, kule mtaa wa Wabera, linaonyesha ligi kuu basi, na hakuna mwenye banda atakayehangaika kutafuta daraja la pili kwa ajili ya mashabiki wawili. Ndiyo idadi yetu mji mzima, wawili: mimi na mzee mmoja Mborana. Kwa hiyo timu ikishuka, benchi letu limekwisha, na benchi likiisha sikujua nitamwona wapi tena yule mzee. Hilo ndilo lililokuwa likiniamsha. Winga na kocha nilikuwa nawasingizia tu.

Banda lenyewe si la kujivunia. Ni mabati kuanzia kuta hadi paa, skrini moja mbele, mabenchi ya mbao, na mwenyewe ni mama mmoja mwenye sauti ndogo ambaye hajawahi kumfukuza mtu kwa kelele, kwa sababu akikutazama tu unakaa. Mashabiki wa timu kubwa wamejigawia mbele, hawa huku, wale kule, na ole wako uketi mahali si pako. Benchi letu liko nyuma kabisa, karibu na mlango, ambapo jua la jioni huingia machoni mpaka mtu ashushe kofia. Hakuna aliyewahi kutunyang'anya.

Mzee ni dalali wa mifugo. Kazi yake ni kusimama kati ya mwenye ngamia na mnunuzi, na bei wanapatana kwa kushikana vidole chini ya shuka ili waliosimama karibu wasiijue. Uso wa mtu wa kazi hiyo hausemi kitu. Tukifungwa mabao matatu yeye hukunja mikono juu ya fimbo yake na kutazama mbele vilevile, kana kwamba anasomewa habari za hali ya hewa. Mimi nasimama, naketi, namtukana golikipa, natoka nje, narudi. Watu wa mbele walisema sisi wawili tungefaa kukorogwa pamoja halafu tugawanywe upya.

Jinsi alivyoingia kwenye timu alinisimulia mwenyewe bila aibu. Asubuhi mnadani kuna upepo wa baridi, na yeye akanunua mtumba, jezi nzito ya mikono mirefu, kwa sababu ilikuwa na joto. Hakujua kwamba ile milia ni ya timu. Jioni moja akapita bandani kumtafuta mtu wa mbuzi, vijana wakaiona jezi wakacheka, wakasema kumbe timu iliyopigwa wiki jana ina shabiki hata hapa, tena mzee. Wakamwonyesha benchi la nyuma. Akaketi kwa heshima tu, maana ameonyeshwa mahali pa kukaa. Siku hiyo timu ikashinda. Aliniambia alijisikia kama mgeni aliyefika nyumba ya watu na mvua ikanyesha usiku uleule, na mgeni wa namna hiyo hawezi tena kuinuka akaenda zake.

Mimi nilichagua kwa hasira. Tulipokuwa watoto huko Meru, kaka yangu alikuwa wa timu kubwa na alinisumbua nayo hata mezani. Siku moja timu yake ikafungwa na hii ya milia, nikasema kuanzia leo hawa ndio wangu. Kaka amesahau yote hayo. Siku hizi ana shamba la miraa na hatazami mpira kabisa. Mimi ndiye niliyebaki na adhabu.

Mzee na mimi tulijuana kwa kosa langu la ugeni. Nilikuwa nimehamishiwa Isiolo, nimepata nyumba mtaa wa Chechelesi, na Jumapili yangu ya kwanza nikaingia bandani. Mpira ukiwa umenoga, skrini ikazimika. Nikadhani stima imepotea. Nikapaza sauti kutoka nyuma nikimwambia mwenye banda awashe jenereta, tumelipa. Banda zima likanyamaza, na katika ule ukimya ndipo nikaisikia adhana. Watu walikuwa tayari wanainuka, wanatafuta viatu. Mzee niliyekuwa nimeketi naye, ambaye hatukuwa tumesemezana, akavua kofia yake akaniwekea mapajani.

"Kijana, chunga hii," akasema. "Mimi narudi."

Kijana ndilo jina aliloniita siku hiyo na hajalibadilisha, mvi au hakuna mvi. Nilikaa na ile kofia kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

Ndivyo banda lile linavyokwenda. Sala ya isha ina nafasi, mtu anaweza kuiswali mechi ikiisha. Magharibi haina nafasi. Mechi za jioni huikuta katikati, na ikifika, mama huzima skrini, awe nani anapiga penalti. Waislamu huenda msikitini jirani. Sisi wengine, Wameru na Waturkana na Wakikuyu wa madukani, tunatoka nje kujinyoosha. Na hapo kuna jambo ambalo hakuna aliyelitangaza wala kuliandika ukutani: hakuna anayetazama simu. Wale wanaoswali hawajui kinachoendelea uwanjani, basi na sisi hatutajua. Wanaporudi wote na kuketi, ndipo skrini huwashwa, na macho yote hukimbilia kona ya juu kuona mabao. Kama tumefungwa tunajua pamoja, na kama tumefunga tunashangilia bao ambalo hakuna aliyeliona.

Mara za kwanza nilidhani nitapasuka. Fikiria mtu kama mimi, simu iko mfukoni, jibu liko ndani ya simu, na ninazungumza na watu kuhusu bei ya nyanya. Baadaye nikaanza kuupenda ule muda, ingawa sikuupenda kwa utulivu. Nilikuwa naupenda huku nikizunguka banda.

Ilifika wakati mji ukawa na maneno ya mpaka kati ya kaunti mbili, kwetu Meru na kwao Isiolo, mambo ambayo huibuka kila wanasiasa wakikosa la kusema. Watu wakaanza kusalimiana kwa kifupi. Mke wangu akanishauri nisiende Wabera Jumapili ile, nikabaki nyumbani. Iliyofuata pia nikabaki. Halafu kijana mmoja wa boda, Mturkana, ambaye naye ni mtu wa banda letu, akanisimamisha barabarani na ujumbe: mzee anasema benchi ni refu, mtu mmoja haliwezi. Nikaenda. Hakutaja mpaka, nami sikuutaja. Tulifungwa siku hiyo pia, na nilirudi nyumbani na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kati yetu miaka yote, na zaidi ya hapo hakukuwa na kitu. Nilijua ana ngamia Sericho, kwa sababu kiangazi kikikaza huenda huko akakaa, na huko alikokuwa anakaa mtandao haufiki. Akirudi hataki kuonyeshwa mabao kwenye simu. Anataka asimuliwe. Nani alimpa nani pasi, beki alikuwa wapi, refa alisema nini, ile mashine ya refa ya kuchunguza video ilitudhulumu vipi safari hii. Nikiruka kitu anajua, ananirudisha. Lakini sikujua ana watoto wangapi. Sikujua analala mtaa gani. Mechi ikiisha mimi nilikuwa nadandia boda kwenda nyumbani na hasira zangu, na yeye alikuwa anabaki kuswali isha. Akifika bandani alikuwa ananiuliza, "Nagaa?", yaani kuna amani, nami nilikuwa najibu nagaa, hata kama tulikuwa wa mwisho kwenye ligi. Hicho ndicho Kiborana changu chote.

Mwezi wa mwisho ulinitesa kuliko miezi yote. Mshambuliaji wetu alikosa mabao ambayo mke wangu, akipita sebuleni na ndoo nikitazama marudio kwenye simu, alisema hata yeye angefunga. Tukipata uongozi tunaulinda mpaka tunausalimisha. Kocha akawa anabadilisha mabeki kila wiki kama mtu anayejaribu viatu. Na ng'ambo ya barabara, mkabala na banda letu, likafunguliwa jumba jipya lenye skrini kadhaa, viti vya plastiki na feni, na huko hawazimi kwa ajili ya mtu wala sala. Vijana wengi wakahamia, Waislamu kwa Wakristo. Mama aliambiwa na baadhi ya wateja aache skrini iwe inaendelea bila sauti, kila mtu na dhamiri yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, na magharibi ilipofika akazima.

Siku ya mwisho hesabu ilikuwa rahisi, jambo la nadra kwetu. Tukishinda tunabaki. Tukitoka sare au tukifungwa tunashuka. Asubuhi nilikwenda kanisani na sikusikia kitu. Mchungaji alihubiri juu ya uvumilivu na mimi nikaona ananilenga. Chakula cha mchana nilikigusa tu. Mke wangu akaniambia niende mapema kabla sijawatia watoto wazimu.

Mzee alikuwa Sericho wiki zote zile na nilikuwa nimeshakata tamaa kwamba atawahi. Nilipoingia bandani nikamkuta ameketi, vumbi la safari bado kwenye nyusi na kwenye ile jezi yake ya mtumba. Alikuwa amepanda lori la mbuzi. Tukasalimiana, nagaa, nagaa. Nikamwuliza ngamia amemwachia nani.

"Ngamia atangoja," akasema. "Yeye hakuna daraja."

Mechi ikaanza; skrini ni moja, na mama alikuwa amesema leo ni ya benchi la nyuma. Sitaisimulia yote, kwani sehemu kubwa niliitazama nikiwa mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Tulicheza vizuri, na hilo ndilo lililoniogopesha, maana timu yetu ikicheza vizuri huwa inalipia baadaye. Tuligonga mwamba mara moja. Golikipa wao akafanya miujiza. Watu wa mbele, ambao timu yao ilikuwa na mambo yake ya ubingwa siku hiyo na walikuwa wanapashana matokeo kwa mdomo, waligeuka kututazama kwa namna ya huruma niliyoichukia kuliko kejeli. Bado ilikuwa bila kwa bila adhana ilipolia.

Mama akazima. Mzee akaweka kofia yake kwenye benchi, akaenda na wenzake. Sisi wachache tukatoka.

Hatukuwa tumekaa sana nje, kelele ikapasuka ng'ambo ya barabara. Kelele ya bao haifanani na nyingine, huwezi kukosea. Viti vilianguka, mtu akapiga mluzi, wengine wakaimba. Lakini bao la nani? Mle ndani walikuwa na skrini za mechi zote, na wengi wao wangeshangilia zaidi sisi tukifungwa kuliko timu zao zikifunga. Yule kijana wa boda alinitazama, nikamtazama. Simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Ikatulia. Ikatetemeka tena.

Nilihisi ile simu kwenye paja kama kaa la moto. Nikazunguka banda. Nikarudi, nikazunguka kinyume. Mkono uliingia mfukoni wenyewe bila kuniuliza, nikautoa. Mwishowe nikaingia ndani mpaka kwenye meza ya mama, nikamwekea simu mbele yake nikamwambia aniwekee. Aliifunika kwa mtandio wake, akaendelea kuhesabu sambusa.

Watu wakaanza kurudi kutoka msikitini. Waliketi, wakapangusa nyuso, wakatazama skrini nyeusi. Na skrini ikabaki nyeusi, kwa sababu kule nyuma kofia ilikuwa bado peke yake kwenye benchi. Mama aliitazama kofia, akatulia. Mtu akiacha kitu chake benchi ni kama yupo, na hawashi mpaka wote watimie. Watu wa mbele, wenye ubingwa wao, wakaanza kunung'unika. Sikuweza kuwalaumu. Nikatoka kumtafuta.

Nilimkuta kwenye ngazi ya msikiti, ameketi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anatazama barabara tu, uso uleule wa mnadani. Nikamwambia wanamngoja.

"Hiyo kelele umeisikia?" akauliza.

Nikasema nimeisikia.

"Simu umeangalia?"

"Sijaangalia, mzee. Nimempa mama."

Alitingisha kichwa, akakigeuza kile kiatu mkononi. "Mimi nimeisikia nikiwa kwa sijida," akasema. "Nikasema, saa hii timu yetu bado haijashuka. Mimi nikiingia huko ndani, pengine imeshuka. Sasa mimi na wewe tutakaa wapi?"

Miaka yote nilidhani anayeogopa ni mimi peke yangu. Nilidhani yeye ni jiwe na mimi ndiye kuku aliyekatwa kichwa. Nikafanya kitu ambacho watu wanaonijua hawangeamini: nikaketi kando yake kwenye ngazi na kutulia. Boda zilipita. Mwanamke mmoja alipita na maziwa, akamsalimia mzee, akanisalimia na mimi. Kama ningepewa nafasi ningeisimamisha jioni ile palepale, bila kwa bila, timu bado iko, sisi bado tupo.

Hatimaye yeye ndiye aliyevaa kile kiatu. Akasema watu wamengoja vya kutosha, si adabu.

Tulipoketi, mama akawasha. Mapumziko yalikuwa yameshaanza, kwa hiyo hakukuwa na wachezaji, kulikuwa na watu wa suti mezani na juu yao, kwenye kona, namba. Bao moja kwa bila. Ilinichukua muda kuelewa kwamba lile moja liko upande wetu. Kijana wa boda ndiye aliyenirukia kwanza. Banda lote likapiga kelele, hata wale wa mbele, hata mama alifunika mdomo. Mzee alishika ncha ya kofia yake, akaikaza kichwani.

Nisingependa kueleza kipindi cha pili. Tuliulinda uongozi, kama kawaida yetu. Tulirudi nyuma, tukarudi tena, mpaka timu nzima ikawa imesimama mbele ya golikipa kama watu wanaongoja kufunguliwa ofisi. Nilipiga magoti, nikasimama, nikatoka nje nikarudi. Zikiwa zimebaki dakika chache mpira wa kona ukaja, beki wetu wa kulia, yeye huyohuyo niliyempanga upya usiku kucha tangu Aprili, akauacha upite akidhani ni wa kipa, na kipa akadhani ni wa beki. Mpira ukaingia, ikawa sare, moja kwa moja. Tukahangaika mpaka kipenga. Haukuingia tena.

Hakuna aliyetucheka. Ndipo nilipojua kwamba ni kweli tumeshuka. Mmoja wa wale wa mbele alipita akanigusa bega, akatoka. Mama alinirudishia simu, na nilipoifungua nikakuta ni mke wangu, yule asiyependa mpira, aliyeniandikia kwamba tumefunga, halafu akaandika tena mbona sijibu. Nilisoma maneno hayo nimesimama na machozi yakanitoka mbele ya watu, na sikujali.

Mzee aliinuka, akasema anaenda isha. Boda walikuwa wamejipanga nje kama siku zote, na kijana wetu akaniwashia pikipiki bila kuambiwa. Nikamwambia aende. Nilibaki nimesimama upande wa pili wa barabara mpaka sala ikaisha na mzee akatoka, akanikuta. Akaniuliza kama boda zimeisha mjini. Nikasema leo natembea. Hakuonekana kushangaa, lakini huyo ni mtu ambaye haonekani kushangaa kamwe.

Tukatembea. Aliniuliza kama kweli hilo daraja la chini hawaonyeshi kabisa, nikasema hawaonyeshi. Akauliza kama timu inaweza kupanda tena, nikasema inaweza, zingine hupanda baada ya msimu mmoja, zingine hazionekani tena. Akasema hapo ni kama mifugo iliyohamishwa kiangazi. Nilitaka kumwuliza anaishi wapi, swali ambalo mtu humwuliza mgeni siku ya kwanza, na kadiri nilivyokuwa nimechelewa kuliuliza ndivyo lilivyozidi kuwa zito. Mtu anakaa na mwenzake benchi moja miaka yote hiyo, leo ndio unauliza? Nikamwambia nitamsindikiza mpaka mahali atakapokata kona. Akasema sawa, na yeye atanisindikiza mpaka nitakapokata mimi.

Kila njia panda nilikuwa napunguza mwendo nikingoja aniage. Hakuniaga. Tulipita maduka yakifungwa, tukavuka barabara kubwa, tukaingia Chechelesi. Nikaanza kuona aibu, nikidhani mzee huyu na uchovu wake wa lori ameamua kunifikisha hadi mlangoni kwa heshima, kisha arudi peke yake kule alikotoka. Nikamwambia hapa panatosha, kwangu ni pale mbele tu. Akaendelea kutembea. Kwenye ile kona ya kuingilia mtaa wetu kuna geti la mabati ya bluu. Alisimama hapo, akaingiza mkono kwenye tundu, akavuta komeo kutoka ndani. Mbuzi wakalia.

"Hapa ndio kwangu," akasema.

Lile geti nalijua. Ndipo ninapokata kona kila siku nikienda kazini. Asubuhi huwa kuna mtu ameketi nje yake kwenye kigoda, shuka kichwani kwa sababu ya upepo, chupa ya chai miguuni, na sijawahi hata siku moja kutazama uso ulio ndani ya ile shuka. Nikamwambia, mzee, mimi hupita hapa.

"Najua. Mimi nakuona kila asubuhi. Unapita mbio, unaongea peke yako."

"Sasa mbona hukuniita?"

Hakuwa na lawama, alikuwa anatafuta tu namna ya kusema.

"Nilifikiri kwako mimi ni mtu wa bandani tu," akasema.

Nilisimama pale mikono ikining'inia, na maumivu ya timu yalikuwa yametoka kabisa, yameachia nafasi mengine. Aliingia, akarudisha geti, halafu akalifungua tena kidogo na kutoa kichwa.

"Kesho pita pole pole," akasema. "Chai iko."

Asubuhi nilichelewa kazini.